Bamvua, saa nane na herufi moja: kisa cha kukosoana Kiingereza Lamu

Kundi lenyewe ni la wanaume sita au saba wanaojizoeza Kiingereza kwa kuzungumza pamoja. Hukutana dakani, ukumbi wa mlangoni, kwa mmoja wao, mtaa wa Mkomani mjini Lamu, baada ya sala ya isha. Mwalimu hawana. Wapo manahodha wawili wa mashua za watalii, vijana waongoza wageni, fundi wa kuchonga mbao, na mmoja anayekaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni kule Shela. Kila mtu ana Kiingereza chake: cha fundi ni cha kuuzia, cha manahodha ni cha baharini, cha vijana ni cha shule. Walipoanza waliwekeana masharti mawili tu. La kwanza, Kiswahili marufuku mpaka kahawa iishe. La pili, yeyote akisikia kosa aliseme papo hapo. Hilo la pili ndilo lililozaa kisa hiki. Majina nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza.

Usiku huo nahodha mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa akifanya mazoezi ya maneno ambayo angewaambia wageni wa safari ya kesho yake kwenda Siyu, kisiwani Pate. Alisema hivi, nami nayaandika kama yalivyomtoka:

"Tomorrow is spring tide. We leave at eight. At ten the water is full and we pass Mkanda. My son come with us, he know the road."

Hajavuta pumzi, kijana mmoja akainua kidole. Huyu amemaliza kidato cha nne, na Kiingereza ndilo somo alilofanya vizuri kuliko yote. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na waliokuwa wakipita njiani, kwamba "spring" ni msimu wa Ulaya unaofuata baridi, huku kwetu haupo, kwa hiyo ami aseme "big tide". Kisha akaongeza: "comes", si "come", "knows", si "know". Fundi akacheka. Sidhani alicheka kwa ubaya, lakini alicheka.

Nahodha akarudia kama alivyoelekezwa. "Big tide. He knows." Akasema "thank you", akamaliza kikombe chake, na usiku ule hakufungua tena mdomo kwa Kiingereza. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Habari zikawafikia wenzake kwamba amesema hana haja ya kufunzwa bahari na mtoto wa juzi.

Mimi huitwa pale mara mojamoja, kwa vitabu na maswali yanayowatatiza, na safari hii niliitwa kwa jambo hili. Niliwakuta wameshahukumu. Kijana hana adabu, basi. Angengoja mkubwa amalize, angemvuta kando, angeanza na samahani. Kijana mwenyewe alikubali. Alikwenda kwa nahodha kumtaka radhi, akapokewa vizuri, akamiminiwa kahawa. Na nahodha hakurudi barazani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hukumu yao haikugusa mahali penyewe. Kama tatizo lilikuwa adabu, radhi ingelimaliza.

Tuziangalie zile sentensi

Mambo matatu yalikuwamo katika maneno ya nahodha, na kundi liliyapima yote matatu vibaya.

Tuanze na "spring tide". Nahodha alikuwa sahihi. Ndivyo bamvua, maji yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, inavyoitwa kwa Kiingereza, na ndivyo wasemavyo mabaharia wa Kiingereza popote walipo. Jina hilo halina uhusiano wowote na msimu. Limetokana na maana nyingine ya neno lilelile, ya maji kububujika na kuruka juu. Bamvua huja mara mbili katika kila mwezi wa kuandama, karibu na mwezi mpya na karibu na mwezi mpevu, jua na mwezi vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia na kuvuta maji pamoja. Nahodha alilipata neno hilo kutoka kwa wageni wenye mashua zao waliowahi kutia nanga Shela, na amelitunza miaka.

Sasa angalia hoja ya kijana. Kitu kinachotokea huku kwetu hakiwezi kuitwa kwa jina la msimu ambao huku kwetu haupo. Hoja hiyo haina kasoro, ila jibu lake ni kosa. Na masahihisho mengi mabaya ya wanafunzi kwa wanafunzi yana sura hiyohiyo: hayatoki kwa mjinga, yanatoka kwa mtu anayefikiri vizuri juu ya jambo asilolijua lote. Ndiyo maana yanaaminika.

Madhara yake? Kwa mgeni, hakuna. "Big tide" ataielewa. Aliyepata hasara ni nahodha: alinyang'anywa neno sahihi alilolitolea jasho, kisha akatakiwa ashukuru.

La pili ni ile herufi moja, ya "comes" na "knows". Hapa kijana alikuwa sahihi, na faida yake ilikuwa karibu na bure. Mwaka 1974 watafiti Heidi Dulay na Marina Burt waliandika juu ya watoto wa Marekani wanaojifunza Kiingereza, wengine wa lugha ya Kihispania na wengine wa Kichina. Watoto hao wa lugha mbili zisizofanana hata kidogo walionekana kushika viungo vya sarufi kwa mpangilio unaokaribiana sana. Hiyo "s" ya kitenzi ilikuwa miongoni mwa vinavyochelewa. Yeyote aliyewahi kufundisha anaijua hali hii hata bila utafiti. Mtu anakueleza kanuni vizuri kabisa, anaiandika ubaoni, kisha akianza kuzungumza kwa kasi inamponyoka. Kumkata mtu kauli kwa ajili yake ni kupoteza sentensi nzima ili kuokoa herufi ambayo kesho itaanguka tena. (Na hiyo "road" ya baharini niiache, mgeni ataelewa, na mimi naipenda.)

La tatu hakuna aliyelisikia, na ndilo hasa la hatari.

"We leave at eight. At ten the water is full." Sarufi safi. Lakini nahodha alikuwa akihesabu saa kwa Kiswahili: kuondoka saa nane mchana, maji kujaa saa kumi alasiri. Siku za bamvua, pwani yetu hii maji hujaa karibu na saa kumi na hukupwa karibu na saa nne asubuhi. Mgeni anayesikia "eight" atashuka gatini saa mbili asubuhi na mkoba wake, na kwake yeye "ten" ni saa nne asubuhi, wakati ule ule ambao maji yamekimbia na Mkanda wa siku zile umebaki tope na mizizi ya mikoko. Asiyepajua Mkanda, ni ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Siku zile, kabla haujachimbwa kuongezwa kina, mashua iliyopakia haikupita pale mpaka maji yajae.

Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zimepishana saa sita. Maji nayo, toka kujaa mpaka kukupwa, huchukua saa sita na dakika chache. Kwa hiyo mtu akikosea saa kwa mtindo huu hakosei kidogo, anageuza bahari juu chini: pale alipokusudia maji ya juu kabisa, mgeni anapata maji ya chini kabisa. Ukitafuta kosa moja ambalo kundi la waongoza wageni wa Lamu halina ruhusa ya kulikosa, ni hili. Na walilikosa wote, kijana wa kidole akiwa mmoja wao.

Kwa nini? Kwanza, kwa sababu wote walisikiliza kwa masikio ya Kiswahili. "Eight" ni nane, na nane ni saa nane, na saa nane ndiyo waliyotarajia kwa kuwa maji yote wanayajua. Maana iliwafikia kamili, basi wakatafuta kosa mahali pengine. Watu wa lugha moja hukosea pamoja, na kosa la pamoja halina wa kulishtukia. Pili, kwa sababu masikio ya vijana yamenolewa na kalamu nyekundu. Anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hukatwa alama kwa "he know". Hakatwi alama kwa kusema "eight" akikusudia saa nane, kwa kuwa karatasi ya mtihani haina gati wala mgeni anayengoja juani. Nimewahi kuwasikia wakikamatana haraka sana kwa "he" na "she", kosa letu maarufu la kumwita mke "he" kwa kuwa Kiswahili kina "yeye" tu. Wanalikamata kwa kuwa shuleni walichekwa kwalo. La saa hakuna aliyewacheka.

Je, ni adabu?

Najua nikisema adabu haikuwa kiini nitapata wa kunijibu. Lamu ni mji ambao mtoto hupita mbele ya baraza ya wazee akatoa salamu kwa mpangilio wa umri. Kumkosoa mtu mzima mbele ya wenzake, na fundi akacheka, kuna gharama yake, na mimi binafsi nisingefanya. Hilo nalikubali lote.

Lakini fanya hesabu hii. Chukua kisa hichohicho, umpe kijana adabu yote inayohitajika. Anangoja kahawa iishe. Anamfuata nahodha kichochoroni, anamwambia kwa upole: "Ami, niwie radhi, kuna neno moja pale, nadhani si 'spring'." Nini kingetokea? Nahodha angefurahi. Angemwombea dua. Na angekuwa anasema "big tide" mpaka leo, bila mtu yeyote kujua kwamba amepotoshwa. Adabu ingelifanya kosa lipite kooni kwa ulaini. Ukali wa kijana angalau ulimwacha nahodha na kinyongo, na kinyongo hicho ndicho kilichotufanya tukae tuzikague zile sentensi.

Kwa hiyo mimi naona tatizo liko kwenye lile sharti la pili. Lilimpa msikilizaji haki ya kusema, wala halikumpa msemaji haki ya kuuliza. Nahodha alijua moyoni kwamba yuko sawa. Bahari ni kazi yake toka utotoni. Lakini angejibu nini? Angebishana, angeonekana mbishi asiyetaka kujifunza, tena anabishana na mtoto juu ya Kiingereza, lugha ambayo mtoto ana cheti chake. Sharti liliacha mlango mmoja tu wazi, nao ni shukrani. Akashukuru, akatoka kwa mlango huo huo.

Swali lililokosekana ni fupi, na kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ni neno moja: "Wayuaye?" Umejuaje? Limesikika wapi, limeandikwa wapi, au unahisi tu? Kwa mwalimu swali hili lina uzito mwingine, kwa kuwa mwalimu amepewa kiti. Kati ya wenzi, ambapo hakuna aliyepewa kiti, kila sahihisho linapaswa kuja na ushahidi wake mkononi.

Walichobadilisha

Nilipendekeza mawili, wakayachukua kwa namna yao.

Moja: anayezungumza ndiye anayetangaza mapema asikilizwe nini. Aliyeanza ni fundi, na akataka bei peke yake. Akaigiza anauza kasha dogo la kuchonga. "Fifteen hundred," akasema. Yule wa mapokezi, aliyekuwa mgeni katika maigizo, akachukua kalamu akaandika alichosikia: 5,000. Wakarudia, akaandika 5,000 tena. Fundi alikuwa akiutupa uzito wote mwanzoni mwa neno na kuimeza "n" ya mwisho, na kwa Kiingereza namna hiyo "fifteen" inakuwa "fifty", yaani mia hamsini badala ya mia kumi na tano. Walijaribu kuunyoosha ulimi wake kwa muda, kisha wakapata njia ya mkato: aseme "one thousand five hundred". Hakuna aliyemgusa sarufi usiku mzima, na alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia.

La pili: anayekosoa aseme kajuaje. Kamusi ya simu, mgeni fulani, kitabu, au "nahisi". Ukisema "nahisi", mwenzako halazimiki kubadili kitu. Linaandikwa kwenye daftari litafutwe baadaye. Wiki za mwanzo daftari lilijaa "nahisi" kupita walivyotarajia, na kijana wetu ndiye aliyeongoza kwa wingi. Alivumilia vizuri, nimsifu kwa hilo.

Kuna jambo lilijitokeza hapo ambalo sikulipendekeza. Baada ya mkasa wa nahodha, vijana waliogopa kukosoa waziwazi, wakahamia njia ya kificho: badala ya kumwambia mtu amekosea, unairudia sentensi yake ikiwa imenyooka, kana kwamba unamjibu tu. Walimu wengi hufanya hivyo. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa 1997 kwenye madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, walikuta hiyo ndiyo njia ambayo walimu waliitumia kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi wajirekebishe. Richard Schmidt, mwanaisimu aliyejifunza Kireno nchini Brazili na kuweka shajara, naye aliandika mwaka 1986, pamoja na Sylvia Frota, kwamba alikosolewa mara nyingi bila kufaidika, kwa kuwa hakutambua kwamba anakosolewa.

Dakani kwetu ilikuwa hivi. Fundi, akielezea vanishi ya kazini: "I hear bad smell." Tunasikia harufu, basi. Wa mapokezi akamjibu kwa upole: "Yes, I also smell it when I pass." Fundi akatikisa kichwa, kafurahi kupata shahidi, akaendelea: "I hear it since morning!"

Kwa hiyo upole uleule tulioulilia ulikuwa haufikishi ujumbe. Lakini njia hiyo ilifanya kazi mahali pamoja: ilipokuja kama swali la kweli. "At eight in the morning?" Hapo msemaji anasimama, anafikiri, anajirekebisha mwenyewe. Tofauti ni kwamba swali linadai jibu, na jibu linamlazimisha mtu arudi kwenye maneno yake.

Ama nahodha, kilichomrudisha si radhi ya pili. Wa mapokezi alilitafuta "spring tide" kwenye kamusi ya simu, akalisoma mbele ya wote, na kijana akaibeba simu mwenyewe mpaka gatini, nahodha akiwa anakomba maji ya mashua. Kijana akamsomea. Nahodha akasikiliza, hakuacha kukomba.

"Nilijua," akasema.

Kijana akamuuliza, na maji mafu je, yale yasiyojaa wala kukupwa sana, yanaitwaje? Nahodha hakujua. Wakatafuta pamoja: "neap tide". Wiki ile alirudi barazani, akakaa karibu na mlango.

Nisipambe mambo. Tangu arudi amekuwa taabu ya aina nyingine. Kila anapokosolewa, hata kwa jambo lililo wazi kama mchana, anauliza "Wayuaye?" na kungoja kamusi ifunguliwe, na mtandao ukiwa mzito dakani, kundi zima linangoja naye. Vijana wanasema analipiza. Mimi naona bora hivyo kuliko shukrani ya usiku ule.

Jambo moja halijapata suluhu: je, mtu akosolewe mbele ya wageni wenyewe? Msimamo wangu ni kwamba sarufi isiguswe kabisa, ila bei, saa na usalama wa chombo visemwe palepale, kwa Kiswahili, kwa maneno mawili, mwenyewe ajirekebishe. Nahodha hakubali. Anasema mgeni akiwaona watu wawili wananong'ona kwa lugha asiyoijua mara tu bei ilipotajwa, anajua anaibiwa, hata kama bei inashuka. Kwa bei nimemkubalia. Yeye ndiye anayesimama gatini, si mimi. Kwa saa bado tunavutana. Yeye anataka kila nahodha amwonyeshe mgeni saa ya kuondoka kwenye simu, kwa tarakimu, na mtu asiingilie. Kijana anauliza, na simu ikizima chaji?